Jina Likiazimwa, Je, Sanaa Nayo Huazimwa? Historia Fupi ya Istilahi za Maandishi, Usemi na Ushairi

Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita, nikifunza ushairi katika kidato cha tatu, mwanafunzi mmoja aliyeketi nyuma aliinua mkono akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa kulijibu. Nilikuwa nimemaliza kuandika ubaoni orodha ya istilahi: shairi, ubeti, mizani, bahari, tarbia, takhmisa. Nilikuwa pia nimewaeleza, tena kwa majivuno kidogo, kwamba istilahi hizo zote zina asili ya Kiarabu. Akauliza: "Mwalimu, kama maneno yote ni ya Kiarabu, basi ushairi wa Kiswahili una nini cha Kiswahili?" Darasa lilicheka. Nami, kwa kuwa kengele ilikuwa karibu kulia, nilimjibu kwamba ushairi tuliuazima kwa Waarabu pamoja na majina yake, kisha tukautilia maneno yetu. Aliliandika jibu hilo daftarini, na wenzake wakaliandika pia.

Mwalimu mwenzangu, jibu lile halikuwa sahihi. Nalileta hapa kwa sababu nimelikuta tena na tena katika insha za watahiniwa, na aghalabu limetoka kwetu sisi walimu. Mtahiniwa anaandika kwa ujasiri kwamba ushairi wa Kiswahili "ulitoka Uarabuni", na ushahidi wake wote ni asili ya neno shairi. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba asili ya neno ni jambo moja na asili ya sanaa ni jambo jingine. Tutayafuata maneno kadhaa katika safari zake, tuone yalikotoka, yalikofika, na kazi mpya yaliyopewa. Msomaji ambaye ni mtahiniwa atapata pia mambo ya kumfaa katika karatasi ya tatu.

Maneno ya kuandika na kusoma

Tuanze na vifaa. Ni kweli kwamba vifaa vingi vya uandishi vina majina ya Kiarabu: kalamu, karatasi, daftari, waraka, kitabu, herufi. Wenyeji wa pwani waliandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu kwa karne nyingi kabla ya hati za Kirumi, na kifaa kikija hufuatana na jina lake. Lakini Waarabu nao waliyapata wapi? Kalamu, karatasi na daftari yote yana mizizi katika Kiyunani. Kalamu lilikuwa jina la unyasi au tete, na daftari lilitokana na neno la ngozi iliyoandaliwa kwa kuandikiwa. Hakuna anayesema kwamba elimu ya Waarabu ni ya Kiyunani kwa sababu tu kalamu zao zina jina la Kiyunani. Mantiki hiyo hiyo itumike kwetu.

Sasa tazama kitenzi chenyewe. Waarabu husema kataba. Kiswahili kilichukua kitabu na katibu, lakini hakikuchukua kitenzi hicho kwa kazi ya kuandika. Sisi tunaandika, na kuandika ni neno la Kibantu lenye maana pana ya kupanga vitu vikae mahali pake. Ndiyo maana hadi leo tunaandika meza kabla ya wageni kula, na mtu akiajiriwa tunasema ameandikwa kazi. Mtu wa pwani alipomwona mwenziwe akipanga herufi juu ya karatasi, alikuwa tayari ana neno la kupanga. Neno hilo limeenea bara: Kikuyu kina andika, Kiganda kina wandiika, na hata Dholuo, ambayo ni lugha ya Kinailoti, ina ndiko kwa kuandika na somo kwa kusoma. Kusoma nako kulipata maana ya ziada. Mwanzoni mwa karne ya 20, wenyeji wa Kenya ya kati waliofuata dini na shule za wamishenari waliitwa athomi, yaani wasomaji.

Neno chuo linastahili kutajwa kabla hatujaendelea. Leo chuo ni mahali pa masomo. Zamani chuo kilikuwa kitabu. Utenzi mashuhuri wa Pate unaojulikana kama Utendi wa Tambuka, uliotungwa na Bwana Mwengo wa Athumani mnamo 1728, huitwa pia Chuo cha Herekali, yaani kitabu cha Herekali. Kwa hiyo Kiswahili kilikuwa na jina lake la kitabu. Neno kitabu liliposhika nafasi, chuo hakikutoweka, bali kilihamia mahali panaposomewa. Hivi ndivyo maneno yanavyoishi: moja huja, jingine husogea.

Fasihi, adabu na usemi

Istilahi inayobeba somo letu zima ni fasihi. Neno hili limetokana na Kiarabu, lakini Mwarabu akitaka kutaja fasihi hasemi fasihi. Husema adab. Kituruki husema edebiyat, na Kihausa adabi, yote kutokana na adab hiyo. Sisi pia tulilichukua neno adab, ila tukalipa kazi nyingine: adabu, yaani heshima na mwenendo mwema. Maana hiyo ilikuwamo katika neno la Kiarabu tangu zamani, kwa kuwa mtu wa adab alikuwa mwenye elimu na mwenendo mzuri kwa pamoja. Kiswahili kilichagua nusu ya mwenendo. Kwa upande wa sanaa, kikachagua neno fasihi, ambalo katika Kiarabu ni sifa ya mtu mwenye ulimi safi, mwenye ufasaha wa kusema.

Uteuzi huo una faida kubwa ambayo walimu wengi hatuitaji darasani. Neno la Kiingereza la fasihi limetokana na neno la Kilatini la herufi. Kwa sababu hiyo, wasomi wa Kiingereza walipata taabu walipotaka kuita ngano na nyimbo "fasihi", maana ni kama kusema "maandishi yasiyoandikwa". Pio Zirimu, mwanaisimu wa Uganda, alibuni istilahi mpya ya Kiingereza ili kuondoa mgongano huo. Katika Kiswahili mgongano haupo. Fasihi ni ufasaha, na ufasaha huanzia mdomoni. Mtahiniwa anaposema "fasihi simulizi" hajipingi hata kidogo, na akiulizwa kama fasihi simulizi ni fasihi kweli, jina lenyewe linamwunga mkono.

Maneno mengine ya usemi yalibadilika vivyo hivyo. Hadithi katika Kiarabu ni mazungumzo au habari, na kwa namna ya pekee ni mapokezi ya maneno na matendo ya Mtume. Kwetu imekuwa pia masimulizi yoyote ya kubuni. Riwaya ilikuwa upokezi: palikuwa na mtu aliyehifadhi mashairi ya mshairi fulani kichwani na kuyapokeza kwa wengine. Leo, kwetu na kwa Waarabu wenyewe, riwaya ni kitabu kirefu cha kubuni. Kinaya katika balagha ya Kiarabu ni kutaja jambo kwa njia ya kuzunguka, bila kulisema waziwazi. Katika uhakiki wetu, kinaya ni hali inayokwenda kinyume na inavyotarajiwa. Mwanafunzi akifungua kamusi ya Kiarabu ili apate maana ya kinaya, atapotea. Maana iliyo sahihi ni ile ambayo watumiaji wa Kiswahili wamekubaliana.

Nyumba, bahari na mizani

Tufike kwenye ushairi wenyewe. Kanuni za kupima ushairi wa Kiarabu ziliwekwa katika karne ya 8 na mtaalamu wa Basra, al-Khalil ibn Ahmad. Alilinganisha utungo na hema la jangwani. Mstari aliuita bayt, yaani nyumba. Nusu ya mstari huitwa misra, yaani ubao mmoja wa mlango wa mbao mbili, na vipashio vidogo vya mapigo vikapewa majina ya kamba na kigingi. Mapigo ya aina moja yaliitwa bahr, yaani bahari. Al-Khalil alitaja bahari 15, na baadaye ikaongezwa moja zikawa 16.

Maneno haya yalipofika kwetu yalibadilishiwa kazi karibu yote. Bayt ya Kiarabu ni mstari mmoja wenye sehemu mbili. Ubeti wetu ni kifungu cha mishororo kadhaa. Bahr ni mpangilio wa mapigo. Bahari yetu ni aina ya utungo, kama vile utenzi au shairi, na kwa wengine ni kina cha mwisho kinachorudiwa katika utenzi mzima. Mizani ni kifaa cha kupimia uzito. Katika Kiarabu kinachopimwa ni silabi fupi na ndefu na jinsi zinavyofuatana. Katika Kiswahili tunahesabu silabi tu, bila kujali urefu. Angalia pia usidanganywe na namba: bahari 16 za Waarabu na mizani 16 za mshororo wa shairi letu hazina uhusiano wowote.

Kwa nini Kiswahili hakikufuata kipimo cha Kiarabu? Sababu imo katika lugha. Kiarabu hutofautisha irabu fupi na ndefu, na tofauti hiyo hubadilisha maana ya neno. Kiswahili hakina tofauti hiyo. Tukiandika kaa, hatuna irabu moja ndefu bali tuna silabi mbili, na kwa hiyo mizani mbili. Neno mtu nalo lina mizani mbili, kwa sababu m husimama peke yake. Mshairi wa Kiswahili aliyetaka kupima kwa urefu wa irabu angekuwa kama fundi anayetaka kupima nguo kwa kibaba. Alitumia kipimo ambacho lugha yake ilimpa.

Diwani pia ina safari yake. Neno hili lilipitia Uajemi na Uarabuni likiwa na maana ya daftari la serikali na ofisi inayotunza madaftari. Kutoka hapo likagawanyika. Kwa upande mmoja likawa mkusanyiko wa tungo za mshairi mmoja, na ndiyo maana tuna diwani ya Muyaka bin Haji wa Mombasa. Kwa upande mwingine likawa cheo: watawala wa miji ya Mrima waliitwa madiwani, na hapa Kenya diwani alikuwa mwakilishi katika baraza la mji hadi mabaraza hayo yalipoondolewa na serikali za kaunti kuanza mwaka 2013. Barani Ulaya neno hilo hilo limezaa douane ya Kifaransa, yaani forodha. Hakuna anayedai kwamba ushuru wa Ufaransa na tungo za Muyaka ni kitu kimoja.

Shairi katika lugha nyingine

Jambo litakuwa wazi zaidi tukilifuata neno shairi lenyewe. Katika Kiarabu, shi'r ni ushairi wote kwa jumla, si jina la umbo moja. Neno hili lilisafiri pande nyingi, na penginepo likawa jina la umbo mahususi.

Mfano wa kwanza ni Kimalei. Huko kuna syair, utungo wa beti za mishororo minne, na mishororo yote minne ina kina kimoja cha mwisho. Mshairi anayehusishwa zaidi na mwanzo wa umbo hilo ni Hamzah Fansuri wa Sumatra, wa karne ya 16. Wamalei wana umbo jingine lenye jina lao wenyewe, pantun, ambalo vina vyake hupishana.

Mfano wa pili utakushangaza. Katika nchi ya Georgia, iliyo kati ya Bahari Nyeusi na milima ya Kaukazi, kuna umbo la ushairi linaloitwa shairi. Matamshi yake ni karibu sawa na yetu. Ubeti wake una mishororo minne. Kila mshororo una silabi 16, nao hukatwa katikati kupata vipande viwili vya silabi 8. Ndilo umbo alilolitumia Shota Rustaveli, mshairi wa zama za Malkia Tamar, aliyetawala kuanzia 1184 hadi 1213, katika utungo wake mkuu wenye beti zaidi ya 1,500. Tofauti moja ni kwamba beti za Rustaveli hutumia kina kimoja cha mwisho katika mishororo yote minne, ilhali shairi letu huwa na vina vya kati na vya mwisho, na mshororo wa nne unaweza kuwa na vina vyake.

Msomaji, hebu fikiri. Wageorgia ni Wakristo tangu karne ya 4. Hawakuwa na biashara ya majahazi na Lamu wala Mombasa. Hawakujifunza kwetu, nasi hatukujifunza kwao. Na umbo hilo la silabi 16 hawakulipata katika ushairi wa Kiarabu, maana ushairi huo haupimwi kwa kuhesabu silabi. Walipata jina. Kipimo walikipata katika lugha yao, na lugha yao, kama Kiswahili na Kimalei, haitofautishi irabu fupi na ndefu. Lugha tatu zilizoazima jina moja, katika pembe tatu za dunia, zilikutana katika ubeti wa mishororo minne, na hakuna hata moja iliyochukua mapigo ya Kiarabu kama yalivyo.

Kihausa na Kisomali

Anayebisha anaweza kusema: "Lakini pwani ya Afrika ni tofauti, sisi tulikuwa karibu na Waarabu." Tutazame basi majirani wa Kiafrika waliokuwa karibu na Uislamu kama sisi.

Kihausa cha Afrika Magharibi kina neno waka, lenye maana ya wimbo na pia ushairi ulioandikwa. Ni neno lao. Hata hivyo, washairi wa Kihausa waliofuata mkondo wa kidini, akiwamo mwanamke msomi Nana Asma'u (1793–1864), walitunga kwa kutumia bahari za Kiarabu. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu Kihausa kina irabu fupi na ndefu. Hapa jina ni la wenyeji, kipimo ni cha kuazima. Kwetu ni kinyume: jina ni la kuazima, kipimo ni chetu.

Kisomali nacho kina washairi Waislamu kwa karne nyingi, na Somalia ipo ng'ambo tu ya bahari kutoka Uarabuni. Lakini aina za ushairi wao zina majina ya Kisomali: gabay, jiifto, geeraar, na buraanbur ambayo ni ya wanawake. Nguzo ya gabay ni kurudia sauti moja ya mwanzo wa neno katika utungo mzima, jambo ambalo si sharti la ushairi wa Kiarabu. Walimu wanaofundisha kaskazini mashariki mwa Kenya wanaweza kuwaomba wanafunzi wao wawapigie mfano darasani.

Ukiweka mifano hii pamoja utaona kwamba jina na kipimo huweza kuambatana au kuachana kwa kila namna. Kwa hiyo anayetaka kuthibitisha asili ya sanaa lazima achunguze sanaa yenyewe: inapimwaje, inaimbwaje, inatumika wapi. Jina peke yake halitoshi.

Viungo vya ndani

Tukirudi nyumbani, tuchunguze istilahi ambazo sikuziandika ubaoni siku ile. Kutunga ni neno la Kibantu: tunatunga shanga katika uzi, tunatunga samaki, tunatunga tungo. Wimbo umetokana na kuimba, mzizi unaopatikana katika lugha nyingi za Kibantu. Utenzi, au utendi kwa lahaja za kaskazini, umetokana na kutenda. Utendi wa Tambuka una maudhui ya Kiislamu kabisa, lakini jina la aina yake ni la Kibantu.

Ingia sasa ndani ya ubeti. Kipande, kituo, kibwagizo, kiitikio, mwandamo, ukingo. Kituo ni pale mtunzi anapotua. Kibwagizo kimetokana na kubwaga, na kiitikio na kuitikia. Mwandamo ni kipande kinachoandama kingine. Haya ni maneno ya watu wanaoimba kwa kupokezana, kiongozi akitoa na kundi likiitikia, jinsi nyimbo za kazi, za ngoma na za unyago zinavyoimbwa. Baadhi ya bahari za kale zimefungamana na kazi hizo: wawe ziliimbwa na wakulima, na kimai na watu wa baharini. Kwa hiyo, majina mengi ya nje ya jengo ni ya kuazima, lakini viungo vinavyolishikilia jengo vina majina ya nyumbani.

Hoja hii si ngeni. Lyndon Harries katika Swahili Poetry (1962) na Jan Knappert katika Traditional Swahili Poetry (1967) waliusisitiza sana uhusiano wa ushairi wetu na Uislamu na Uarabuni. Ibrahim Noor Shariff katika Tungo Zetu (1988) aliwajibu kwa kuzichambua bahari moja moja na kuonyesha uenyeji wake. Ninachoongeza hapa ni kwamba hata ushahidi wa maneno, ambao upande wa kwanza hupenda kuutegemea, ukichunguzwa vizuri hausimami upande huo.

Yaliyoazimwa kweli

Haifai, hata hivyo, kuruka kutoka kosa moja hadi jingine. Yapo mambo tuliyoyapokea kweli. Hati za Kiarabu tulizipokea. Kasida zinazoimbwa katika maulidi tulizipokea. Na mfano mzuri zaidi ni takhmisa.

Mtahiniwa yeyote atakuambia kwamba takhmisa ni shairi la mishororo mitano katika kila ubeti. Ni sawa. Lakini takhmis ya Kiarabu ilikuwa kazi ya kuutanisha utungo wa mtu mwingine. Mtunzi alichukua mstari wa mshairi wa awali wenye nusu mbili, akautangulizia nusu tatu zake mwenyewe, zikawa tano. Ilikuwa njia ya kumsifu na kumfasiri aliyetangulia. Desturi hiyo ilifika kwetu ikiwa nzima, na ushahidi wake ni Takhmisa ya Liyongo, inayohusishwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, ambayo inatanisha maneno yanayonasibishwa na Fumo Liyongo. Baadaye maana ilipungua, ikabaki idadi ya mishororo tu. Unaona kwamba hapa tuna ushahidi wa kuazima usiotegemea jina pekee: kazi, utaratibu na idadi vyote vinalingana. Huu ndio ushahidi tunaopaswa kuudai kila mara.

Hatari ya kutotofautisha maana finyu na pana

Kuna ugomvi mmoja wa fasihi yetu ambao kwa sehemu ulikuwa ugomvi wa istilahi. Amri Abedi katika Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri (1954) alieleza shairi kwa kanuni za vina na mizani. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, chenye tungo zisizofuata kanuni hizo, wengi walisema hizo si mashairi. M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu (1979) walitetea mtazamo kwamba vina na mizani si uti wa mgongo wa ushairi.

Ukizingatia historia ya neno, utaona kwamba kila upande ulikuwa na maana yake ya shairi. Katika maana finyu, shairi ni bahari moja kati ya bahari nyingi: mishororo minne, mizani 16, vina vya kati na vya mwisho. Kwa maana hiyo tungo za Kezilahabi si mashairi, lakini utenzi nao si shairi! Katika maana pana, iliyo karibu na shi'r ya Kiarabu, shairi ni utungo wowote wa kishairi, na hapo tungo huru zinaingia bila shida. Mtahiniwa anayefahamu tofauti hii hatajikanganya kwa kusema katika aya moja kwamba utenzi ni shairi, na katika aya inayofuata kwamba kila shairi lina mizani 16.

Kwa mwalimu na mtahiniwa

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, unapofundisha istilahi, toa asili yake, lakini usiishie hapo. Onyesha pia kazi mpya iliyopewa katika Kiswahili. Pili, unapoulizwa kuhusu chanzo cha ushairi wa Kiswahili, tenganisha hoja nne: majina, vipimo, maudhui na utendaji. Kila moja ina ushahidi wake. Wapo wanaosema kwamba mtindo wa vina uliimarishwa na mawasiliano na Kiarabu. Hoja hiyo ijadiliwe kwa kuchunguza vina vyenyewe. Tatu, unapotumia neno shairi katika jibu, amua kama unalitumia kwa maana finyu au pana, na ulitumie hivyo hadi mwisho.

Hitimisho

Mwanafunzi wangu alistahili jibu jingine. Ningepaswa kumwambia kwamba neno shairi ni la Kiarabu, lakini kipimo chake ni cha silabi za Kiswahili; kwamba mtu wa Georgia ana shairi la silabi 16 na hajawahi kuambiwa kwamba ushairi wake ni wa Waarabu; na kwamba kituo, kibwagizo na kiitikio vilikuwa vikiimbwa na bibi yake shambani. Isitoshe, ningemwambia kwamba hata istilahi sitiari, tunayoitumia kila siku, imetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kuazima. Waarabu wenyewe walikubali kwamba kuazima ni mojawapo ya njia za sanaa. La muhimu ni kile ambacho mwenye kuazima anakifanya na alichopewa.

Yule mwanafunzi amekwisha kumaliza shule, na sijui kama daftari lile bado analo. Walio mbele yako leo, mwalimu mwenzangu, bado wanaandika.

Maswali ya marudio

1. "Jina la sanaa si ushahidi wa asili yake." Jadili kauli hii ukirejelea Kiswahili, Kihausa na Kigeorgia.
2. Eleza tofauti ya maana kati ya istilahi bahari, ubeti na mizani katika Kiarabu na katika Kiswahili.
3. Fafanua jinsi muundo wa sauti za lugha unavyoweza kuathiri namna ya kupima ushairi wake.
4. Kwa nini istilahi "fasihi simulizi" haina mgongano wa maana katika Kiswahili?
5. Takhmisa ya zamani na takhmisa ya sasa zinatofautiana vipi?